MASHINE IFUNGULIWE KWANZA



Jambo tunalotaka kusema safari hii laonekana dogo. Ni habari ya mashine ya kufyekea nyasi, ile ya petroli ambayo mtu huivaa begani kwa mkanda na kukata kwa uzi wa nailoni unaozunguka. Lakini kwa ajili ya mashine moja ya namna hiyo mwenzetu amekatwa mshahara, na wengine wanne wamerudishiwa mafyekeo ya mkono huku kipimo cha kazi cha kila siku kikibaki kile kile kilichopimiwa mashine. Kwa hiyo jambo si dogo.

Habari yenyewe ni hii. Mwenzetu huyo ni kibarua upande wa Makueni, na kazi yake ni kusafisha nyasi chini ya miembe. Mvua za vuli zilipoanza alipewa mashine kutoka stoo. Akavuta kamba ya kuwashia mpaka bega likamuuma. Injini ikashika kidogo, ikazima, haikushika tena. Msimamizi akaandika kwamba mashine imeharibiwa, na mwisho wa mwezi pesa zikakatwa. Mashine ikatupwa nyuma ya stoo pamoja na mabati ya kutu. Hakuna mtu aliyeifungua hata skrubu moja.

Sisi tuliomba kwa barua tuifungue, tukaruhusiwa. Jumamosi moja tukaipeleka kwa fundi wa jua kali mjini Wote, na msimamizi mwenyewe akaja kutazama. Gharama tulilipa kutoka mfuko wa tawi, kwa maana tulikuwa tukitafuta ushahidi. Twaeleza yaliyoonekana, kwa sababu kila mwanachama anayeshika mashine kama hii, awe Kitui au Makueni, yampasa kuyajua.

Kwanza fundi aliishika mashine kwa ile kamba ya kuwashia, akaiacha ining'inie. Ikashuka polepole. Hiyo ni dalili kwamba pistoni bado inabana hewa, yaani injini ni nzima. Kama ingeanguka mara moja, ingekuwa habari nyingine. Kisha akafungua plagi. Ilikuwa na masizi, lakini cheche iliruka. Chujio la hewa lilikuwa limejaa vumbi jekundu la kwetu. Mpira unaopitisha petroli ndani ya tangi ulikuwa umepasuka. Mwisho akafungua kabureta, na hapo ndipo ugonjwa ulipokaa. Petroli ya zamani ilikuwa imekauka humo ikaacha utomvu kama wa mti, umeziba vitundu ambavyo hata sindano haipiti, na kile kiwambo chembamba cha mpira kinachovuta petroli kilikuwa kimekakamaa kama karatasi.

Kabureta ikasafishwa. Kiwambo, mpira na plagi vikabadilishwa. Chujio likaoshwa, wavu mdogo wa bomba la moshi ukasuguliwa masizi, gia ya kichwani ikatiwa grisi. Vipuri vyote havikufika shilingi 2,000. Ikatiwa petroli mpya yenye mafuta yake, na kwa mvuto wa nne injini ikanguruma. Msimamizi alikuwapo, akasikia kwa masikio yake.

Sasa tuulize: ni nani aliyeiua mashine ile? Ukambani mvua huja mara mbili, za masika kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Kuanzia Juni nyasi hukauka, na mashine hulala stoo miezi minne au mitano. Petroli haikai hivyo. Ikiachwa ndani kwa miezi huharibika, sehemu nyepesi hupaa, na kinachobaki ni ule utomvu. Basi mashine ile haikuuawa na kazi, iliuawa na kulala. Na wakati ilipolala, ufunguo wa stoo haukuwa mfukoni mwa kibarua.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la kusudi la mfanya kazi. Tazameni neno hilo, kusudi. Nani atasema kwamba mtu aliyevuta kamba asubuhi ya kwanza ya kazi alikusudia petroli ya mwezi wa Mei ikauke ndani ya kabureta? Kwa hiyo twasema wazi: mashine ifunguliwe kwanza. Kabla jina la mtu halijaandikwa, ifunguliwe mbele ya mwajiri na mbele ya mjumbe wa wafanya kazi, na kilichoonekana kiandikwe na kutiwa sahihi. Pesa za mwenzetu tumezidai kwa barua. Mpaka tunapoandika haya jibu halijaja, wala hatutanyamaza.

Wako watakaosema: na ikifunguliwa ikaonekana mfanya kazi ndiye aliyekosa? Swali hilo ni la haki, wala hatulikimbii. Injini hizi hazina mahali pa mafuta ya kulainisha; mafuta huchanganywa na petroli. Nyingine zataka mililita 20 katika lita moja, nyingine 40, kama kitabu cha mashine kisemavyo. Mtu akitia petroli tupu, pistoni hukwaruzika kwa muda mfupi, na hapo mashine imekufa kweli. Wako wenzetu waliofanya hivyo. Lakini na tuulize pia kama walionyeshwa kipimo, kama chupa ya kupimia ilikuwako, na kama kile kitabu kilitoka kwenye kabati ya ofisi hata siku moja. Kumpa mtu mashine bila kumfundisha ni kumtuma kisimani usiku bila taa, kisha kumlipisha mtungi.

Upande wa Kitui tuna neno la kuonya. Wanachama wetu katika ofisi moja ya umma waliona mashine kama hii imetupwa, wakataka kuichukua wakaitengeneze nyumbani. Nia ni njema, lakini ndugu, msifanye hivyo. Mali ya umma hata ikiwa jaani bado ni mali ya umma. Sheria ya mwaka 2015 ya ununuzi na uondoaji wa mali ya umma inataka kamati iamue, na inakataza ofisi kuwauzia au kuwapa wafanya kazi wake mali kama hiyo kiholela. Ombeni ruhusa ya maandishi, na mashine itengenezwe saa za kazi kwa pesa za mwajiri. Bila karatasi, wema wenu utaitwa wizi. Tena anayetengeneza bure kila Jumapili anamnyima fundi riziki, na anamfundisha mwajiri kwamba ujuzi hauna bei.

Na mashine ikipona, isirudi kazini ikiwa nusu mashine. Hapa lawama nyingine ni yetu wenyewe. Tumeona watu wakiondoa ngao kwa sababu inawazuia, na uzi ukiisha wakifunga kipande cha waya. Aliyebuni mashine hii, Mmarekani George Ballas wa Houston, mwaka 1971 alitumia kopo na uzi wa kuvulia samaki, baada ya kutazama brashi za kuoshea magari zikizunguka. Maana yake yote ni kwamba uzi ukigonga jiwe hupinda. Waya haupindi, hukatika, na kipande kikaruka kama risasi. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku uuzaji wa vichwa vya minyororo kwa mashine hizi mwaka 2012, baada ya mtu kuuawa Uingereza. Waya wa seng'enge si bora kuliko mnyororo. Watu wengine wakae mbali hatua ishirini. Miwani, buti na vizuia sauti ni wajibu wa mwajiri kuvitoa, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, na ni wajibu wetu kuvivaa.

Kwa hiyo madai yetu ni haya:

1. Mashine yo yote isiandikwe kuwa imeharibiwa na mtu kabla ya kufunguliwa na fundi mbele ya mjumbe wetu.

2. Mvua zikiisha, petroli imwagwe kutoka tangini, injini iwashwe mpaka izime yenyewe, na mwenye stoo atie sahihi kwamba imefanyika.

3. Anayepewa mashine aonyeshwe kipimo cha mafuta, apewe chupa ya kupimia na vifaa vya kujikinga.

4. Mashine ikiwa kwa fundi na watu wakirudi kwenye fyekeo, kipimo cha kazi kipunguzwe. Mkono si injini.

Ile mashine ya Makueni ilirudi shambani Jumatatu iliyofuata, na inafanya kazi hata leo. Iliyohukumiwa kuwa imekufa imepona kwa saa tatu za fundi. Aliyehukumiwa pamoja nayo bado anangoja. Kila tawi lisome madai haya mkutanoni, na mwanachama ye yote aliyekatwa pesa kwa mashine ambayo haikufunguliwa alete habari kwa katibu wake, pamoja na karatasi ya mshahara.

Umoja ni nguvu.