Ndiyo au Hapana? Fomu ya Bima na Ndugu Yetu Aliyepona Uraibu



Mtu mmoja alitujia ofisini mwa parokia akiwa na karatasi iliyokunjwa mfukoni mwa shati. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, mkazi wa upande wa Mbagala. Zamani mtaa mzima ulimwita teja. Alivuta unga, kisha akajidunga, akaiba hata sufuria za mama yake. Baadaye alipelekwa kwenye kliniki ya methadoni ya Hospitali ya Temeke, na kwa miaka mitatu akaamka alfajiri kila siku kwenda kunywa dawa yake mbele ya muuguzi. Madaktari walimpunguzia dozi kidogo kidogo mpaka wakamruhusu. Leo ana mke, ana watoto wawili, na anafundisha vijana watatu kazi.

Alitaka mkopo wa kununulia mashine yake mwenyewe. Mkopeshaji alimtaka kwanza akate bima ya maisha, ili akifa deni lisibaki kwa mjane. Katika ukurasa wa pili wa fomu palikuwa na swali: je, umewahi kutibiwa kwa sababu ya matumizi ya pombe au dawa za kulevya? Chini yake visanduku viwili. Akatuuliza: "Baba Paroko, niandike Ndiyo au Hapana?"

Tulimwambia aandike kweli. Akaandika Ndiyo. Baada ya majuma matatu alijibiwa kwamba ombi lake halikukubaliwa. Sababu haikutajwa, na mkopo haukutoka.

Twamjua pia mama mmoja ambaye mumewe aliandika Hapana. Mume huyo naye alikuwa ametibiwa na kupona. Alilipa ada yake bila kukosa, hata alipogongwa na gari akiwa juu ya bodaboda, akafa. Mama alipodai mafao, kampuni ilichunguza kumbukumbu za hospitali, ikakuta jina la marehemu, ikasema mkataba ulijengwa juu ya uongo na kwa hiyo ni batili. Gari lililomgonga halikuhusika kamwe na uraibu wake wa zamani. Hata hivyo mama aliondoka mikono mitupu.

Hivyo basi, mbele ya fomu ile pana milango miwili. Asemaye kweli hufungiwa nje. Asemaye uongo huingizwa ndani, hutozwa ada, na siku ya msiba watoto wake hutolewa nje. Twasema wazi kwamba jambo hili si la haki, na waamini hawana budi kulisemea.

KOSA LIMO NDANI YA SWALI

Tazameni vizuri swali lile. Haliulizi kama mwombaji anatumia unga leo. Haliulizi kama anafanya kazi, kama analala nyumbani kwake, kama daktari amempima na kumwona mzima. Linauliza kama amewahi kutibiwa.

Chukueni wanaume wawili wa mtaa mmoja pale Tandale. Wa kwanza alitambua kwamba anaangamia, akashika njia ya kliniki ya Mwananyamala, akavumilia kuonekana na majirani kwenye foleni, akapona. Wa pili hunywa gongo kila jioni mpaka aangukie mtaroni, na hajawahi kumwona daktari hata siku moja. Wape wote wawili fomu hiyo. Wa pili ataandika Hapana kwa dhamiri safi, maana ni kweli hajatibiwa, naye atapita. Wa kwanza atakataliwa. Je, fomu hiyo imepima nini? Haikupima ugonjwa. Imepima uponyaji, na kuutoza faini.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Fomu hii yawafundisha vijana wetu somo jingine: mfichua maradhi, bima humuumbua. Kijana wa Manzese au Tandika anayesita kwenda kliniki akisikia habari hii atasema heri nibaki maskani, jina langu lisiandikwe popote. Hapo aliyeumia hayupo peke yake. Jamii nzima imeumia.

TAIFA LINAJENGA, FOMU INABOMOA

Tukumbuke tulikotoka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana wa Dar es Salaam walianza kujidunga heroini, na pamoja na sindano ukaja UKIMWI na homa ya ini. Kwa muda mrefu jibu letu lilikuwa kipigo na mahabusu. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza nchini. Mwananyamala ilifuata mwaka 2012 na Temeke mwaka 2014. Methadoni ni dawa ya kunywa inayozuia arosto, ili mgonjwa apate utulivu wa kufanya kazi na kurudi kwa watu wake. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 iliunda Mamlaka yenye kazi hiyo, nazo nyumba za upataji nafuu zimeongezeka mijini.

Basi taifa linamwambia mraibu: njoo utibiwe, wewe ni mgonjwa. Naye akishatibiwa, karatasi ya biashara inamwambia: kwa kuwa ulikuja, hutakopa, hutajenga, na wanao hutawaachia kitu. Mkono mmoja wajenga, mwingine wabomoa.

HOJA ZA WENYE MAKAMPUNI

Hatutaki kuwasingizia wenye makampuni. Wao husema bima ni fedha za wengi, na anayezichunga hana budi kujua hatari iliyo mbele yake. Husema mikataba ya bima husimama juu ya nia njema kamili, kwa hiyo mwombaji asifiche jambo. Tena husema mchovya asali hachovyi mara moja: aliyetumia jana aweza kurudia kesho.

Hoja hizi zina uzito, nasi twazijibu moja moja.

Kuhusu hatari: ipimwe kweli, isikisiwe kwa woga. Mwaka 2017 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha mjumuisho wa tafiti za nchi mbalimbali. Miongoni mwa waraibu waliokuwa katika tiba ya methadoni walikufa kiasi cha watu 11 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Waliotoka nje ya tiba walikufa kiasi cha 36. Tiba, basi, hupunguza kifo. Twakubali pia kwamba tafiti hizo zilionyesha majuma ya kwanza baada ya kuacha tiba kuwa ya hatari kubwa. Kampuni ikisema ingoje muda fulani uliowekwa wazi, hilo laweza kujadiliwa. Lakini kungoja muda ni jambo moja, na kumfungia mtu mlango maisha yake yote ni jambo jingine.

Kuhusu nia njema: nia njema ni ya pande mbili. Anayedai kweli yote kutoka kwa maskini, kisha akamkataa bila kumweleza sababu, yeye mwenyewe ameonyesha nia gani?

Kuhusu kuchovya asali: wapo wanaorudia, nasi tumewazika baadhi yao. Wapo pia wagonjwa wa sukari na wa shinikizo la damu wanaoacha dawa zao wakazidiwa. Hao hatuwaiti waongo, wala hatusemi kwamba kutibiwa kwao ni doa.

Woga huu haupo kwetu tu. Mwaka 2018 huko Boston, Marekani, muuguzi alikataliwa bima ya maisha kwa sababu alibeba dawa ya kuwazindua waliozidiwa na heroini. Aliibeba ili aokoe watu wengine. Kampuni ikamhesabu kuwa ni mraibu. Mambo yalipotangazwa, wasimamizi wa bima wa jimbo lile walitoa agizo kwa makampuni. Wengine wamekwenda mbali zaidi. Ufaransa iliwapa waliopona saratani haki ya kusahauliwa kwa sheria ya mwaka 2016: ikipita miaka iliyowekwa, mwenye bima ya mkopo haruhusiwi kuwatoza zaidi kwa ugonjwa ule. Mwaka 2022 muda huo ulifupishwa kutoka miaka 10 kuwa 5. Kama saratani yaweza kusahauliwa na mwandishi wa bima, kwa nini uraibu uliopona usisahauliwe?

BIMA YA AFYA NA BIMA YA MAISHA

Yatupasa kutofautisha mambo mawili. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Mtumishi huchangiwa asilimia 6 ya mshahara, nusu na mwajiri na nusu na yeye mwenyewe. Mchango hupimwa kwa mshahara, si kwa historia ya ugonjwa. Mzima humbeba mgonjwa. Huo ndio mshikamano unaofundishwa na Mama Kanisa. Lakini fundi wetu hana mwajiri, kama wasivyo na mwajiri wengi wa Kinondoni na Temeke. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inawataka wakazi wote wa Tanzania Bara wawe na bima ya afya. Twaipongeza nia hiyo, na twadai kwamba neno "wote" liwe na maana ya wote. Tiba ya uraibu na magonjwa yanayoandamana nao yahesabiwe kuwa magonjwa kama mengine. Jirani zetu wa Kenya walikwisha kuiweka tiba hiyo ndani ya bima yao ya taifa.

Bima ya maisha ni biashara, nayo husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Biashara nayo ina mipaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Cheti cha kliniki si tangazo la kubandikwa ukutani.

NA SISI WENYEWE JE?

Hapa, ndugu, hatuna budi kujipiga kifua. Tulipofungua daftari la kikundi cha kufa na kuzikana cha parokia yetu wenyewe, tulikuta kifungu kisemacho kwamba "wavuta unga na waliowahi kuvuta" wasipokelewe. Kifungu hicho kiliandikwa na Wakristo waliotoka Misani. Kampuni ya bima yaweza kusema hesabu ndizo zilizoilazimisha. Sisi tulilazimishwa na nini?

Katika Sheria ya Musa mwenye ukoma aliishi nje ya kambi. Lakini alipopona alijionyesha kwa kuhani, naye kuhani akathibitisha kwamba ni safi ili arudi kwa watu wake. Ndiyo maana Bwana aliwaambia wakoma kumi waende wakajionyeshe kwa makuhani. Uthibitisho wa kupona ulikuwa mlango wa kurudia nyumbani. Sisi tumeugeuza ukawa kufuli. Naye Msamaria Mwema hakuishia kufunga jeraha. Alimlipa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kulipa gharama zitakazozidi. Hakutaka kwanza kujua historia ya mtu yule. Alijifanya dhamana ya mgeni.

TUNADAI NINI, NA TUFANYE NINI

Kwa makampuni: ondoeni swali la kutibiwa, mwulize hali ya mtu ilivyo leo. Wekeni ukomo wa miaka. Mkimkataa mtu, mwambieni sababu kwa maandishi.

Kwa Mamlaka ya Bima na Serikali: toeni mwongozo juu ya jambo hili. Msiache kila kampuni ijiwekee hukumu yake.

Kwa viongozi wa walei, WAWATA, UWAKA, VIWAWA, na vikundi vya kuweka na kukopa: fungueni madaftari yenu mwezi huu. Kifungu cha namna hiyo kifutwe. Kikundi kisimame dhamana kwa ndugu aliyepona, kama kinavyosimama kwa wengine.

Kwako ndugu uliyepona: usiandike uongo, maana utakaowaumiza ni watoto wako. Andika kweli, ambatanisha barua ya daktari wako, ukikataliwa dai jibu la maandishi, kisha ulete nakala kwa Tume. Mjane aliyenyimwa mafao aipeleke shauri lake kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Nawe ambaye bado uko maskani, usiogope kliniki kwa sababu ya karatasi. Kwanza uwe hai. Hiyo karatasi tutapambana nayo pamoja.

Kifungu kile cha parokia yetu kimekwisha kufutwa. Fundi wetu amepokelewa katika kikundi, na wanakikundi sita wamemdhamini. Mashine ameipata, ingawa si kwa mkopo alioomba.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya Ndogo Ndogo
1. Katika jumuiya yetu, ni nani aliyepona uraibu, nasi bado twamwita teja?
2. Kanuni za vikundi vyetu zinawafungia nje watu gani?
3. Tuko tayari kumdhamini nani, na kwa kiasi gani?