Mgeni Njoo, Mwenyeji Yupi Apone?

Hivi karibuni ndugu mmoja kutoka mikoani, aliyekuja Dar es Salaam kwa shughuli za kazi, alitujia ofisini na karatasi mkononi. Alikuwa amepewa na mwenyeji wake, nayo ilikuwa na majina ya mahali pa kula, kunywa na kujifurahisha. Tuliisoma yote. Kila jina lilikuwa la hoteli kubwa, au la mkahawa ambamo sahani moja yaweza kumaliza ujira wa siku nzima wa mpagazi wa bandarini. Hapakuwa na Feri, wala Kariakoo, wala Ilala.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi twauliza: mwenyeji yupi? Fedha ya mgeni ikipita juu ya vichwa vya wakazi wa mji na kuishia mezani pa matajiri, mama lishe hakupona, mvuvi hakupona, wala mpiga gitaa hakupona.

Jambo hili lina historia. Wakati wa ukoloni mji huu uligawanywa mafungu matatu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili uwatenge watu wa Kariakoo na wenzao wa upande wa bahari. Kabwela hakungoja kukaribishwa katika starehe za Uzunguni. Alijitengenezea za kwake: ngoma, mpira, kahawa barazani, na dansi. Klabu ya Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na ile ambayo leo yaitwa Simba ikafuata mwaka 1936. Basi amwonyeshaye mgeni hoteli peke yake amemficha nusu ya mji, tena nusu iliyo hai zaidi.

Karatasi yetu sisi ni hii.

Asubuhi mgeni aende Feri, soko la samaki la Magogoni, mashua zinapoleta mavuno ya usiku. Atasikia mnada, ataona changu, kibua na pweza, na pale pale atapata samaki wa kukaanga aliye moto. Kisha apande pantoni kwenda Kigamboni. Daraja la Nyerere lilifunguliwa mwaka 2016, nalo ni msaada mkubwa. Lakini asiyevuka kwa pantoni, akasimama bega kwa bega na wachuuzi, mafundi na wanafunzi, hajauona mji huu ukienda kazini.

Mchana aketi kwa mama lishe wa Kariakoo. Ale ugali kwa samaki wa nazi, au wali kwa maharage na mchicha. Jua likishuka, atafute muuza kahawa mwenye dele lake, anywe kahawa chungu kwa kashata, na asikilize mabishano ya Simba na Yanga. Asiyekunywa kileo hatapungukiwa na kitu katika mji huu. Kahawa na dafu vyamtosha kukesha na wenzake.

Anayetaka bia naye asione haya. Mhudumu atamwuliza kwanza: ya baridi au ya moto? Bia ya moto si iliyochemshwa, bali ni ile isiyokaa katika jokofu, na wako wazee wasiotaka nyingine. Aagize iliyotengenezwa nchini, Safari au Kilimanjaro. Kiwanda kiko Ilala, Barabara ya Uhuru, na shayiri hulimwa na wakulima wetu wa kaskazini. Aagize na nyama choma, ndizi za kuchoma na kachumbari, wala asihimize jiko, maana nyama nzuri haina haraka.

Usiku aende dansini, na hapa ndipo penye neno letu kubwa. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi yake, NUTA Jazz. Wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara kama makarani, na vyombo vilikuwa mali ya chama. Chama kilipobadilika, bendi ikawa JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park, ambayo baadaye ililelewa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Watu huiita Sikinde, kwa jina la ngoma ya Wazaramo. Muhidin Gurumo, aliyefariki mwaka 2014, aliziimbia zote mbili, na aliimba mambo ya nyumba zetu: ndoa, deni, wivu na safari. Ni miji michache iwezayo kujivunia muziki uliolelewa na wafanyakazi wenyewe namna hii.

Lakini ziko wapi Dar es Salaam Jazz, Western Jazz na Kilwa Jazz? Zimetoweka. Bendi haifi kwa sababu watu wameacha kuipenda. Hufa kwa sababu waipendao wamekaa nyumbani wakisikiliza nyimbo zake za zamani bure, huku mlangoni pa ukumbi pakiwa hapana mtu. Sifa pekee hainunui nyuzi za gitaa. Kwa hiyo mgeni aulize bendi inapiga wapi usiku huo, na mwenyeji aende naye, na wote wawili walipe kiingilio.

Jumapili waende Coco Beach, Oysterbay. Ufuko ule u katika mtaa uliokuwa wa Wazungu. Leo watoto wa Manzese na Buguruni huogelea pale bila kuulizwa na mtu, na wazazi wao hula mihogo na mishikaki kwa pilipili. Starehe isiyo na mlango wala bei ni mali ya umma, na mali ya umma yataka kulindwa.

Wapo watakaosema kwamba kumsifia mfanyakazi bia na dansi ni kumpoteza. Twawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Anayekunywa ada ya shule ya mtoto wake amekosa, wala hatumtetei. Lakini mtu aliyefanya kazi siku sita ana haki ya kicheko siku ya saba, na mji unaomnyima kicheko hicho unamtumia kama punda.

Kwa hiyo twasema mambo mawili. Kwa wakubwa wa mji: mama lishe asifukuzwe kila asubuhi kama mhalifu, apewe mahali pa kudumu, penye kivuli na maji safi, kisha akaguliwe usafi wake kwa haki. Na kwetu sisi wenyeji: tulipe sahani ya mama lishe bila kukopa, tulipe kiingilio bila kunung'unika, na mgeni akituuliza aende wapi, tusione haya kumpeleka tunakokwenda sisi wenyewe.

Ndipo mgeni atakapokuwa amekuja, na mwenyeji akapona kweli.