Vidonge Ndani ya Kopo la Hiliki



Leo tuna neno ambalo barazani huwa tunalipita kimya kimya. Tuseme mama wa watu, miaka arubaini na kitu, anaamka alfajiri kusali, mkono wa kulia haunyanyuki na mdomo umekwenda upande. Anawahishwa hospitali, alhamdulillah. Daktari anauliza anatumia dawa gani. Wifi yake anajibu, "Za presha tu." Mgonjwa anasikia, lakini ulimi hausemi. Na nyumbani, ndani ya kopo la hiliki, mna vidonge vya VVU ambavyo amekuwa akivimeza kila usiku bila ya mtu kujua.

Ni mfano tu. Lakini nani kati yetu atasema hauwezekani?

Utafiti uliofanywa Hai na Dar es Salaam, ukachapishwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa huko Dar es Salaam VVU ni miongoni mwa mambo yanayoambatana na kiharusi. Virusi hivi huidhuru mishipa ya damu. Visipodhibitiwa huifungulia njia TB ya ubongo na maradhi mengine yanayokuja kwa sura ya kiharusi. Hayo yana dawa zake, ila daktari asiyejua atachelewa kuyatafuta. Tena zipo dawa zisizopatana na ARV. Ndiyo, hospitali inaweza kumpima, lakini kipimo hakimwambii daktari mgonjwa anakunywa vidonge gani, wala kwamba vimekatika tangu siku aliyoanguka. Virusi vinapata nafasi ya kuzaliana upya wakati mwili wenyewe umelala.

Hatusemi mtu ajitangaze. Stara ni haki yake. Kinachotuuma ni kuwa wenzetu wanaficha kwa sababu wanatujua sisi: nani atamtengea kikombe chake, nani atalipeleka neno harusini.

Rai yetu ni hii. Mwenye dawa awe na mtu mmoja, mmoja tu, anayejua ziko wapi na anahudhuria kliniki gani. Na wewe uliyefungua kopo ukitafuta hiliki ukakuta vidonge usivyovijua, usivitupe, wala usimpigie mtu simu. Vitie mkobani, umpelekee daktari, uzungumze naye faragha, umwambie mgonjwa hajavinywa tangu lini. Kama hawezi kumeza, uliza apewe vipi. Usimlazimishe kidonge kwa uji, maana uji unaweza kuingia mapafuni. (Hata kombe lisubiri mpaka daktari aseme koo linafanya kazi. Dua hazina haja ya kusubiri.)

Jamaa wakikuuliza mlikuwa mkizungumza nini na daktari, waambie habari za dawa zake. Na huo si uongo.