Wifi wa B plasi na bi harusi wa C

Wiki iliyopita bi harusi mmoja alikuja kwangu hapa Uyole kupima gauni la nikahi, kaja na wifi yake mtarajiwa. Nikiwa nimemzungushia futi, bi harusi akasema akishaolewa angependa kuomba chuo. Wifi akacheka. "Chuo gani mwenzetu, na C zako hizo? Mimi Kiswahili nilipata B plasi."

Bi harusi akanyamaza. Mimi nilikuwa na pini mdomoni. Nilipozitoa nikawauliza mmemaliza mwaka gani? Wifi 2013, bi harusi 2019.

Hapo ndipo penye neno. Mtihani wa kidato cha nne, kwetu bara na kwenu visiwani, unasahihishwa na Baraza moja la Mitihani. Lakini futi yake imebadilishwa mara nyingi. Mwaka 2013 B plasi ilianzia alama 60 hadi 74, na C ilikuwa 40 hadi 49. Baadaye B plasi ikafutwa, C ikawa 45 hadi 64. Kwa hiyo aliyepata 62 mwaka wa wifi ana B plasi, na aliyepata 62 hiyohiyo mwaka wa bi harusi ana C. Matokeo ya 2014 yalitoka kwa GPA, ya 2015 yakarudi kwenye divisheni. Dada watatu wa nyumba moja wanaweza kuwa na vyeti vitatu visivyosomeka kwa pamoja.

Na mnakumbuka matokeo ya 2012. Yalipotoka Februari 2013, zaidi ya asilimia 60 walipata sifuri. Waziri Mkuu Pinda akaunda tume, na Mei serikali ikayafuta yapangwe upya, kwa sababu upangaji wa madaraja ulikuwa umebadilishwa bila maandalizi. Maelfu waliolala na sifuri wakaamka wamefaulu, na karatasi zao ni zilezile. Mwaka huohuo wa 2012 Waislamu walilalamikia matokeo ya somo la Maarifa ya Uislamu kidato cha sita. Baraza likakagua, likakiri kosa la ukokotoaji, likarekebisha. Wasingeuliza, nani angejua?

Wapo wanaosema madaraja lazima yabadilike, maana mtihani wa mwaka mmoja unaweza kuwa mgumu kuliko wa mwingine. Sikatai. Hata mimi kitambaa kinachorudi nakiongezea inchi. Lakini naongeza kabla sijakata, na mwenye nguo namwambia. Kubadilisha futi wakati nguo imeshakatwa ni dhulma, hata kama nia ilikuwa njema. Baraza litangaze madaraja kabla mtoto hajaingia kidato cha tatu, na yaandikwe nyuma ya cheti ili anayekisoma miaka kumi baadaye ajue C ilikuwa ngapi.

Ila si Baraza peke yake. Sura Al-Mutaffifin inawaonya wanaojitakia kipimo kamili na kuwapunja wengine, na sisi tunadhani inawahusu wauza mchele tu. Ukimpima mke wa kaka yako kwa herufi bila kutazama mwaka, hiyo nayo ni mizani. (Na B ya Kiswahili haijawahi kukunja sambusa ya mtu.)

Tena vyuo vingi vya diploma vinaanza na kufaulu masomo manne yasiyo ya dini, na D inahesabika, ingawa kozi nyingine zinataka masomo maalumu. Bi harusi anazo C sita.

Wifi alikuwa mpole kidogo kufika mwisho, akaniuliza bei ya shela. Bi harusi nimemwambia Alhamisi akija kuchukua gauni aje na cheti chake, tukae na simu yangu tuangalie sifa za chuo cha kilimo hapa hapa Uyole, maana atakuwa anaishi dakika kumi kwa bajaji.