Penzi la kwenye tamthilia na maswali ya kijana wako

Tamthilia ya Kichina ya Eternal Love ya mwaka 2017, yenye sehemu 58, humwacha mtazamaji njia panda. Ye Hua, mwanamfalme wa mbinguni, anampenda Su Su, lakini anajifanya hamjali, akiamini ndivyo atakavyomlinda. Su Su anaposingiziwa kosa, Ye Hua huyo huyo ndiye anayemtoa macho. Baada ya kujifungua, Su Su anajirusha kutoka mbinguni.

Baadaye Ye Hua analia, na mtazamaji anamhurumia. Lakini Su Su aliteseka bila kuelezwa lolote.

Wawili hao wanapendana tena, ila Su Su alishakunywa dawa ya kusahau yote. Nje ya runinga dawa hiyo haipo.

Mzazi, ukimkuta kijana wako anaitazama, usimfokee wala kumcheka. Kaa naye, kisha umuulize: “Ungekuwa Su Su, ungetaka uambiwe nini?” Msikilize hadi mwisho. Ajue mapema kwamba anayekupenda huzungumza nawe, na kwamba machozi ya aliyekuumiza hayakulazimishi kurudi.