Mtoto Anaanza Kiingereza: Tungojee Nini?



Baba mmoja alinifuata nyuma ya ibada, uso umefungwa. Anafanya kazi kwenye mgodi, ana watoto sita, na binti yake mkubwa alikuwa anakaribia kumaliza mwaka wa saba. Akaniambia: «Pasta, mwaka muzima niko nalipa. Juzi dereva mumoja wa Zambia alipita pa nyumba kuuliza njia. Nikaita mutoto, nikamuambia: haya, sema naye Kiingereza, nisikie makuta yangu inatumika namna gani. Akaangalia chini tu. Hata neno moja! Sasa naona afazali abakie, asaidie mama yake ku soko.»

Nilimwomba anipe juma moja mbele ya kukata neno. Nikirudi nyumbani nikafikiri kwamba yeye si peke yake. Wazazi wengi hawajui kinachofanyika katika darasa la Kiingereza mwaka ule wa kwanza, kwa hiyo wanangojea kitu ambacho hakiwezi kuja, na kile kilichokuja hawakioni.

Mwaka wa saba ndio ule tuliouita zamani mwaka wa kwanza wa sekondari. Tangu sheria ya mwaka 2014, masomo ya msingi yanahesabiwa miaka 8: sita ya shule ya msingi, na miwili inayofuata. Mimi nilikutana na Kiingereza katika mwaka wa tatu wa sekondari. Leo watoto wengi wanakutana nacho mapema zaidi, wangali wanapigana bado na Kifaransa. Tusisahau hilo tukitaka kuwahukumu.

Siku ya kwanza mwalimu anaingia, anasema «Good morning», na darasa zima linajibu kama kwaya. Toka pale anaanza kuamuru: simama, kaa, fungua kaye, sikiliza. Yote kwa Kiingereza, kwa mikono na kwa macho. Mtoto aliyezoea kuelezwa kila kitu kwa Kifaransa, na pembeni kidogo kwa Kiswahili, anarudi na kulia: «Mama, ule mwalimu anasemaka mbio, sisikie kitu.» Usikimbie kwa prefe kulalamika. Kumbuka ginsi mtoto huyo huyo alivyojifunza Kiswahili. Ulimwambia «njoo», «kaa», «lete», miezi na miezi, naye anakuangalia tu. Hukusema kwamba ni mjinga. Sikio linatangulia, kinywa kinafuata nyuma, na kinywa hakipendi kusukumwa.

Kisha inakuja taabu ya kusoma. Kiswahili chetu ni chenye haki: unachoandika ndicho unachosema. Ukiona «kitabu», unasoma kitabu, hakuna herufi inayojificha. Kiingereza sivyo. Mimi nilisimamishwa siku moja kusoma, nikakutana na neno «knife», maana yake kisu. Nikasoma kwa ujasiri wote: «kenife». Darasa likaanguka kwa kicheko, na mwalimu naye akacheka. Mpaka mwisho wa mwaka jina langu lilikuwa Kenife, hata pa uwanja wa mupira. Sikufungua tena kinywa katika somo lile. Nilipata pointi zangu kwa karatasi, kwa maana kwa karatasi mtu anaweza kupita bila kusema neno, lakini lugha yenyewe niliiacha pale. Miaka mingi nyuma yake, kwenye shule ya Biblia, nikakuta nusu ya vitabu vya maktaba vimeandikwa kwa Kiingereza. Ikanipasa kuanza tena, mtu mzima mwenye watoto wawili, nikijifunza kuhesabu toka moja mpaka kumi.

Kwa hiyo ukiniuliza ni kitu gani kinachoua Kiingereza mwaka wa kwanza, sitajibu ni ukosefu wa vitabu, ingawa vitabu vinakosekana kweli. Ni kicheko. Na kicheko cha nyumbani ni kibaya kupita kile cha darasani, maana darasani kengele inalia na watoto wanatoka, lakini nyumbani mtoto atakwenda wapi?

Sasa niwaambie jambo moja ambalo hata walimu wengine hawalitumii. Kuna sauti ya Kiingereza inayowatesa sana Wafaransa: ile inayotaka ncha ya ulimi iguse meno, kama katika «three» au «mother». Watoto wetu wanasema «tri» na «maza». Lakini chukua Biblia ya Kiswahili. Imeandikwa «thelathini», «thamani», «dhahabu», «dhambi». Sisi huku tunasema «selasini» na «zambi», ndiyo desturi yetu, si kosa. Lakini yule anayesoma maneno yale ginsi yanavyosomwa pwani tayari ana ulimi wa Kiingereza kinywani mwake! Mfanye mtoto asome mistari mitano, polepole, ulimi kwa meno. «Th» ya thelathini ndiyo ile ya «three», na «dh» ya dhahabu ndiyo ile ya «mother». Vivyo hivyo herufi h: Mfaransa anaimeza, lakini sisi tunasema «hapa» na «haki» bila shida. Basi mtoto asiseme «aus» kwa nyumba kwa sababu tu alizoea Kifaransa. Aseme h yake wazi.

Pahali pengine Kiswahili hakitusaidii. Sisi tunasema «anakuja», na hakuna anayejua kama ni mwanamume ao mwanamke. Kiingereza kinataka ujue: «he» kwa mwanamume, «she» kwa mwanamke. Mtoto atasema, atakosa, atasema tena. Na hapo Kifaransa kinaongeza mtego. Kwa Kifaransa, neno la kuonyesha mwenye kitu linafuata kile kitu: «sa mère», iwe ni mama wa mvulana ao wa msichana. Kwa Kiingereza linamfuata mwenyewe: mama wa mvulana ni «his mother», mama wa msichana ni «her mother». Nimeona watu wenye diploma wanaanguka katika shimo hili, na mimi mmoja wao. Mtoto akikosa hapo mwaka wa kwanza, si shida.

Lakini Kifaransa si adui kila mara. Mwaka 1066 William, duke wa Normandy, alivuka bahari na kuishinda Uingereza, na kwa muda mrefu wakubwa wa nchi ile walisema Kifaransa. Ndiyo maana «table», «question», «fruit», «animal», «village» yanaandikwa sawasawa katika lugha zote mbili. Mtoto wa mwaka wa saba anaingia darasani akiwa na maneno mengi mfukoni, bila kujua. Ajihadhari tu na ndugu wa uongo: «library» ya Kiingereza si duka la vitabu, ni pahali pa kuazima vitabu.

Tena Kiingereza si mgeni hapa kwetu. Mmisionari Arnot, mtu wa Scotland, alifika Bunkeya kwa mfalme Msiri mwaka 1886, mbele ya Wabelgiji kushika Katanga. Reli iliyofika Elisabethville mwaka 1910 ilitoka Rhodesia. Bulangeti unayojifunika, shati unayovaa, motokari unayopanda, majina hayo yametoka kwa Waingereza, na bibi zetu waliyasema bila kulipa shule.

Turudi darasani. Vitabu ni vichache, kwa hiyo mwalimu anaandika tablo nzima na watoto wananakili. Aliye nyuma haoni vizuri, anaandika «tree» pahali pa «three», yaani mti pahali pa tatu, kisha anajifunza kosa lake kwa moyo, na siku ya mtihani anashangaa. Mama, hata kama wewe hujui Kiingereza, unaweza kufanya hili: weka kaye ya mtoto wako karibu na kaye ya mwenzake, angalieni pamoja kama maneno yanafanana. Haikuombi diploma. Na baba, kila usiku dakika kumi, mtoto asome kwa sauti, wewe umesikiliza. Usimsahihishe. Sikiliza tu.

Mwisho wa mwaka, mtoto aliyefuata vizuri atajua kusalimu, kusema jina lake na miaka yake, kutaja watu wa nyumba, siku, saa, hesabu, vitu vya darasa. Atasoma habari fupi na kuielewa. Ataandika mistari mitano ao sita juu ya jamaa yake, makosa yakiwemo. Kuongea na dereva wa Zambia, mtu mzima anayesema mbio huku akichanganya na Kibemba, tena baba amesimama karibu akihesabu makuta? Hapana. Hilo ni la miaka mingine inayokuja, na la mtu aliyeachwa kukosa bila aibu.

Juma lile nilikwenda kwa yule baba. Nikamwomba binti alete kaye yake. Akaleta, akaishika kwa mikono miwili. Nikamwambia asitutazame sisi, asome tu. Akasoma habari ya mvulana anayekwenda sokoni na mama yake, mistari minane, sauti ndogo sana. Mara mbili alikwama, mara mbili akaendelea. Nikamuuliza kwa Kiswahili: mvulana alinunua nini? Akajibu: samaki, na kisu. Tena akasema «naifu» sawasawa, k imekaa kimya pahali pake.

Baba akauliza: «Kumbe anajua?» Nikamjibu: anajua hii. Siku ile mbele ya dereva, uliomba nyingine. Mama yake, aliyekuwa mlangoni na beseni, akasema kwamba usiku anamsikia akiyasema maneno peke yake, chini ya bulangeti, ili wadogo zake wasimcheke.

Binti yule amelipiwa mwaka wa nane. Jumapili iliyopita baba yake alinishika tena pa mlango wa kanisa, lakini safari hii ni kwa ulizo: kama ile k ya kisu haisemwi, kwa nini wanaiandika? Nikamweleza kwamba Waingereza wa zamani waliitamka kweli, kisha midomo ikaiacha na kalamu ikaishika. Akafikiri kidogo, akasema: «Basi Pasta, wewe hukukosa. Ulisoma tu kama wazee wao.»