Bei ya kununua ni mwanzo tu

Mwandishi, umesema kweli kwamba Impreza WRX iliyotumika inampa mtu wa kipato cha kawaida nafasi ya kufaidi mwendo, ila kwenye bajeti umepita haraka mno. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo WRX za bei nafuu ni zile zilizokwisha pita mikononi mwa watu kadhaa hapa hapa nchini. Mimi naendesha ya 2004. Ya kwanza niliyoonyeshwa niliikuta imeshawashwa, injini ya moto. Nikarudi alfajiri na fundi wangu, tukaiwasha ikiwa baridi: moshi wa buluu ukatoka nyuma, harufu ya oili pale pale. Tukaaga. Na nyie mnaobishana hapo juu kuhusu rimu na spoila, ulizeni kwanza mkanda wa taimingi. Injini ile hubadilishiwa mkanda takriban kila kilomita 100,000, na ukikatika, pistoni zinagonga vali. Muuzaji akikosa risiti ya mkanda, hesabuni kuwa haujabadilishwa, na mkate gharama hiyo kwenye bei. Pesa ikiishia kwenye kununua, jamani, chukueni Vitz.